Apolonia Ndani ya Kaburi la Wenyewe

Katika bonde lote la Kilombero, kuanzia kivukoni Ifakara hadi Kisawasawa chini ya milima, hakuna aliyependa misiba kama Apolonia Likwambe. Si kwamba alipenda watu wafe. Wafu hawanunui samaki, na yeye alikuwa muuza samaki. Alichopenda ni yale yanayofuata mtu akishakufa: watu wanakusanyika, masufuria makubwa yanainjikwa, nyuso zinakunjamana, na yeye anapewa ruhusa ya kuzikunjua.

Alikuwa mtani. Mababu walipigana, wakachoka kupigana, wakapatana, na katika kupatana wakaachiana haki moja tamu kuliko zote, haki ya kutukanana bila kununiana. Mtani akiingia kwako akabeba jogoo, unamtukana, jogoo anakwenda, mambo yamekwisha. Na siku ya msiba wako mtani ndiye anayevaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake na kukohoa kwake, anaziba njia ya jeneza mpaka apewe kitu, hadi waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka na kamasi zinawatoka. Apolonia alikuwa Mndamba wa mtoni, na watani wa ukoo wao walikuwa Wangoni. Mngoni wa bonde lile akifa, ndugu zake walikuwa wanatuma watu wawili: mmoja kwa padri, mwingine kwa Apolonia. Padri alikuwa anachelewa.

Mumewe, Ponsiano, alipofariki, Wangoni walikuja wakambebea mtumbwi wa marehemu hadi sebuleni, wakakaa ndani yake wakipiga makasia na kudai wanavuka kwenda mbinguni kumdai samaki wao. Apolonia alicheka siku hiyo mpaka akaona aibu, na baadaye alisema kicheko kile ndicho kilichomfanya aweze kula. Tangu hapo aliichukulia kazi ya utani kwa uzito kama katekista anavyochukulia kengele.

Ujane ulimtoa Ifakara ukampeleka Kisawasawa, ambako jumbe, Mzee Nikodemu, alimgawia shamba la mpunga bondeni. Msimu mzima aliishi humo humo juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, akifukuza ndege kwa kombeo na kwa mdomo. Majirani walisema kombeo lilikuwa la mapambo tu. Siku za gulio alikwenda barabarani na tenga la kambale wa kubanika walioletwa kwa lori na kaka zake wa mtoni.

Gulio lenyewe lilikuwa na ajabu yake. Upande mmoja walikaa watu wa bondeni na samaki zao, upande wa pili Wahehe walioshuka mlimani na maharage na ulanzi, ile pombe ya mianzi. Katikati palibaki uwazi wa hatua ishirini, ambamo walipita mbwa na karani wa ushuru tu. Hakuna aliyegombana na mtu. Lakini kila bibi wa bondeni alikuwa amewasimulia wajukuu jinsi Wahehe walivyoteremka na mikuki kuchukua mpunga na watu, na Wandamba wakakimbilia mitumbwini, wakakaa kwenye matete na maji yamewafika shingoni. Na kila babu wa mlimani alikuwa amewasimulia wake jinsi wale watu wa matope walivyokuwa waoga. Kisha Wajerumani wakaja wakakataza vita kabla wenyewe hawajaimaliza. Basi ikabaki hivyo, haijapiganwa ikaisha, wala haijapatanishwa.

Kwenye ukingo wa uwazi ule, kando ya barabara, ndipo palipokuwa na karakana ya Hilari.

Hilari alikuwa fundi seremala mwenye kofia ya pama na penseli sikioni, aliyefika Kisawasawa mwaka wa arobaini na nane akitokea Songea na mkewe Katarina. Katarina alikuwa Mngoni wa kuzaliwa. Nyumbani walizungumza Kingoni, na Hilari alikizungumza kama aliyenyonyeshwa nacho. Siku ya kwanza Apolonia alipowasikia, alitua tenga akashika kiuno.

"Loo! Kumbe watani zangu mmenifuata hadi huku? Njaa ya Songea imewashinda?"

Hilari akamtazama. Akalitazama na tenga, ambamo kambale mmoja mnene alikuwa amelala juu ya wenzake kama mwenyekiti. Akafungua mdomo, akaufunga, akanyoosha mkono akambeba kambale mwenyekiti bila kusema kitu.

"Mwizi wewe!" Apolonia akapiga kelele kwa furaha. "Mama yako alikuzalia kwenye ghala la watu?"

"Na wewe mama yako alikuzalia kwenye wavu," akajibu Hilari. "Ndiyo maana macho yamekutoka."

Wakawa wameelewana. Kila gulio kwa miaka sita Hilari alichukua samaki, Apolonia akachukua alichokipenda karakanani, kigoda, kibao cha mbuzi, siku moja mguu wa kitanda cha mtu ambacho kilikuwa hakijaisha. Na kila gulio walitukanana kwa sauti ambayo watu wa pande zote mbili walisogea kidogo ili waisikie. Ilikuwa ndiyo burudani ya Kisawasawa.

Mwaka hamsini na nne, mwezi wa tano, mpunga umekwisha kuinamisha vichwa na kombeo limekwisha kukatika mara mbili, Makame mwenye duka alikuja mwenyewe hadi chini ya dungu, amekunja suruali magotini kwa ajili ya tope. Makame alikuwa mtu wa pwani, na kumwona ndani ya tope ilikuwa habari tosha.

"Mama Apolonia, shuka. Fundi ametutoka alfajiri. Homa ya siku tatu tu."

Apolonia alishuka hadi ngazi ya chini, akaketi hapo. Ndege walitua kwenye mpunga na hakuwafukuza. Alilia kimya kimya, jambo ambalo Makame hakuwahi kuliona wala kulidhania, kisha akapangusa uso kwa pembe ya kanga na kusimama.

"Haya," alisema. "Ngoja nikamzike vizuri, mpumbavu yule."

Alifika msibani saa nane mchana. Palijaa watu asiowajua, wanaume warefu waliojitanda mablanketi. Apolonia akajiambia hao ni Wangoni, ndugu wamekuja. Kwamba kutoka Songea hadi Kisawasawa ni safari ya siku kadhaa, na Hilari alikuwa amekufa alfajiri ile ile, hilo hakulitia hesabuni. Watu walikuwa wanalia tu, na kwa kilio huwezi kujua mtu anatoka wapi. Katarina alikuwa ndani amezungukwa na wanawake.

Apolonia akapita karakanani kama mwenye nyumba. Alipotoka amevaa kofia ya pama, penseli iko sikioni, ameshika ile futi ya kukunja ya marehemu. Akaanza kuwapima waombolezaji.

"Wewe, simama wima. Futi tano na nusu. Lakini kwa tumbo hilo mbao zitapungua, itabidi tukukunje." Akasogea kwa mwingine, akiburuta mguu kama Hilari alivyozoea. "Wewe usiharakishe, njoo baada ya mavuno. Na wewe babu, mbona umechelewa? Jeneza lako liko tayari tangu Pasaka."

Kwa kawaida hapo mtu mmoja angeshaguna, mwingine angeficha uso. Apolonia akaona hawa Wangoni wa siku hizi wameharibiwa na shule. Ikabidi aongeze moto. Jeneza lilipofika kaburini, aliwatangulia, akarukia shimoni, akalala chali na kofia juu ya uso.

"Hazikwi mtu hapa! Mtu huyu ameniachia mlango hauna bawaba. Leteni jogoo nitoke, au tuzikwe wote wawili!"

Akainua kofia kidogo. Duara la nyuso lilikuwa linamtazama kutoka juu, na hakuna hata mmoja uliokuwa na dalili ya jogoo. Apolonia alijaribu jambo la mwisho, jambo ambalo halijawahi kumwangusha: kuwasifu.

"Jamani, mnanuna nini? Mimi nawapenda nyie Wangoni. Nyie mlipigana kiume mkamaliza. Si kama wale Wahehe wa mlimani, wezi wa mpunga wa bibi yangu, watu wa kufika mtoni wakaogopa kulowana!"

Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alisogea ukingoni, akainama. Sauti yake ilikuwa ya upole sana.

"Mama, wewe ni nani kwetu?"

"Mtani wenu!"

"Mimi naitwa Theodori Kikoti. Marehemu ni mdogo wangu, tumbo moja. Songea alikwenda kutafuta kazi ya ufundi, akapata mke. Sisi ni Wahehe."

Kuna mahali pazuri pa kupokelea habari kama hiyo na kuna mahali pabaya, na ndani ya kaburi la wenyewe si mahali pazuri. Apolonia aliwahi kusema baadaye kwamba alifikiria kuwaomba wafukie tu.

Alitolewa na Makame, aliyemshika mikono yote miwili akivuta huku akiomba msamaha kwa Kiswahili cha pwani ambacho kilikuwa kirefu mno kwa shughuli ile.

Jioni hiyo hiyo Theodori alikwenda kwa jumbe. Hakutaka kuku wala mbuzi wa fidia. Alisema mwanamke yule amemtukana mfu wao, amelala kwenye kaburi lao kabla ya mwenyewe, na ukoo wa Kikoti hautashuka tena Kisawasawa maadamu yeye yuko. Mzee Nikodemu alikuwa Mpogoro mwenye kupenda amani, hasa amani inayokuja na kibuyu cha ulanzi kila gulio. Akampelekea Apolonia taarifa: baraza ni Alhamisi, karakanani kwa marehemu. Akishindwa, ataondoka Kisawasawa siku hiyo hiyo, na shamba atapewa mwingine pamoja na kilichomo.

Kilichomo kilikuwa mpunga wa miezi mitano, uliobakiza wiki mbili kukatwa. Ulikuwa ndio chakula chake cha mwaka, na mbegu za mwaka unaofuata. Apolonia alikaa juu ya dungu siku tatu akiutazama, na kwa mara ya kwanza ndege walifukuzwa kwa kombeo peke yake.

Jambo lililomkera zaidi hakumwambia mtu. Hilari. Miaka sita alimwacha aamini. Miaka sita mkono wake ulizama tengani bila haki, na yeye akashangilia!

Alhamisi karakana ilijaa hadi nje. Wahehe walikaa upande wa msumeno, watu wa bondeni upande wa randa, na katikati wakaacha uwazi wao hata humo ndani. Mzee Nikodemu alikaa juu ya meza ya kazi kwa kuwa viti vyote vilikuwa na miguu mitatu.

Theodori alisema aliyotaka kusema, kwa ufupi na bila hasira, jambo lililoyafanya yawe mazito. Jumbe akamgeukia Apolonia.

"Mama, unakana?"

"Sikani, mzee. Nililala humo na palikuwa na unyevu. Lakini nina swali kwa wafiwa."

"Uliza."

Akamgeukia Theodori, akakunja goti kidogo kwa adabu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, katika ukoo wa Kikoti kumewahi kuwa na mwizi?"

Upande wa msumeno ukaunguruma. Theodori akainua mkono, wakatulia. "Hajawahi kuzaliwa," alisema. "Wala kuolewa kwetu."

"Nashukuru. Sasa naomba mke wa marehemu aseme kitu kimoja tu. Katarina, mwanangu, samaki wa mumeo alikuwa anawatoa wapi?"

Katarina alikuwa ameketi kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani. Alimtazama shemeji yake mkubwa, akatazama chini.

"Tengani mwa mama huyu. Kila gulio."

"Kwa kuomba?"

"Hakuomba. Alichukua."

"Kwa miaka mingapi?"

"Sita. Nilimwambia, baba, mwambie mama wa watu ukweli, wewe si Mngoni. Akaniambia..." Katarina akapangusa macho, na alipoendelea sauti yake ilikuwa na kitu kama kicheko ndani yake. "Akaniambia, nikimwambia itabidi nianze kumsalimia kwa adabu. Hapa Kisawasawa watu wote wananisalimia kwa adabu, mwisho nitakufa."

Hakuna aliyecheka. Apolonia mwenyewe ilibidi ajifanye anafunga kanga upya. Alikuwa amekuja na hasira nzuri, ameitunza siku tatu, na mjane yule ameiharibu kwa sentensi mbili. Lakini mpunga ulikuwa bado uko shambani.

"Mzee Theodori," alisema. "Mtani akichukua samaki wangu, hiyo ni haki yake, namtukana yamekwisha. Mtu ambaye si mtani akichukua samaki wangu miaka sita bila kuomba, jina lake tunalijua sote, na wewe umesema kwenu hajawahi kuzaliwa. Basi chagueni nyie wenyewe. Ndugu yenu alikuwa mtani wangu, na mimi nilimzika inavyotakiwa. Au hakuwa mtani wangu, na mimi nitaondoka leo, ila nikienda nitasema kule mtoni kwamba Kisawasawa amezikwa mwizi. Mimi sitaki kulisema hilo. Nilimpenda mjinga yule."

Makame, aliyekaa mlangoni, alinong'ona jambo kwa Mungu wake.

Theodori alishika ndevu. Alishika kwa muda mrefu kiasi kwamba Mzee Nikodemu alikohoa kumkumbusha kuwa baraza linaendelea. Wazee watatu wa mlimani walimsogelea wakanong'ona Kihehe. Mmoja wao alisikika akiuliza, na karani akalitafsiri baadaye kwa kila aliyemnunulia pombe, "Lakini na hawa tulipigana kweli?" Na mwingine akajibu, "Tulipigana vizuri sana. Tulikatizwa tu."

Hatimaye Theodori alinyoosha mgongo.

"Hao kambale," alisema, "walikuwa wakubwa?"

"Wakubwa, mzee," akasema Katarina.

"Wenye mafuta?"

"Yalikuwa yanadondoka."

"Na mbwa yule hakuwahi kuniletea hata mkia." Akamtazama Apolonia kuanzia miguuni hadi kichwani, polepole, kama mtu anayepima mbao. "Mama, sisi tumefundishwa tangu utoto kwamba babu zetu walifika ukingoni wakarudi kwa sababu ya maji. Leo nimejua wametudanganya. Babu zetu maji waliyaweza. Walisikia mdomo wa bibi yako."

Kicheko kikaanzia upande wa randa, kikaruka ule uwazi, kikaushika upande wa msumeno, na Mzee Nikodemu akacheka hadi akaanguka kutoka mezani. Apolonia alisubiri kipungue.

"Afadhali mdomo wa bibi yangu," alisema. "Ungeona miguu ya babu zako walipokuwa wakirudi!"

Theodori akavuka karakana, akaivua kanga ya begani ya Apolonia, akajitanda yeye juu ya blanketi lake, akatoka nayo nje bila kuaga. Baraza likawa limekwisha. Jumbe alitangaza hukumu, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Bomani taarifa ilifika kwa njia zake. Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, aliyekuwa ameunda kamati ya kupatanisha makabila na kuikutanisha mara moja kwa chai, aliandika kwenye ripoti ya mwaka kwamba uhusiano wa watu wa mlimani na wa bondeni umeimarika sana, na kwamba sababu ni kamati. Hakuna aliyemsahihisha. Alikuwa kijana mwenye adabu na alihitaji kupanda cheo.

Uwazi wa gulioni ulikwisha ndani ya mwezi. Haukuondolewa na mkutano. Ulikwisha kwa sababu ukitaka kumtukana mtu vizuri lazima usogee, na ukisogea mwizi anaona samaki. Wanawake wa mtoni walijifunza kusema "kamwene" ili waweze kuendelea na matusi baada ya salamu hiyo ya Kihehe. Mwaka uliofuata Mhehe mmoja alifia Ifakara hospitalini, mbali na kwao, na waliokwenda kumchukua na kumchimbia kaburi walikuwa wavuvi sita ambao hawakumjua, wakigombania njiani nani atavaa koti lake.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wiki mbili baada ya baraza, asubuhi ya siku ya kwanza ya kuvuna, Apolonia aliamka juu ya dungu akakuta watu kumi na wawili wenye mablanketi wamesimama ndani ya mpunga wake, Theodori mbele, na kanga yake imefungwa kiunoni mwa mzee huyo.

"Nani kawaita?" alipiga kelele.

"Tumekuja kumalizia vita," alijibu Theodori. "Babu zetu waliuacha mpunga huu haujakatwa."

Walikata siku mbili kazi ambayo yeye angeifanya wiki tatu. Walikata vibaya, watu wa mlimani hawajui mpunga, na aliwaambia hivyo tangu jua linachomoza hadi linazama, akitaja na wazazi wao. Walipiga, wakapepeta, wakajaza ghala lake hadi mlango ukagoma kufungwa. Kisha wakabeba magunia matatu mabegani, bila kuomba, wakashika njia ya mlimani.

Apolonia aliwafuata akiwatukana. Aliwatukana kupita karakana, ambako Katarina alisimama mlangoni akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, na kupita duka la Makame, na kupita mashamba ya mwisho, hadi njia ilipoanza kupanda. Hapo pumzi ikamwishia. Theodori akageuka, akatua gunia lake kubwa, akamtwika Apolonia kichwani kifurushi cha maharage alichokuwa amebeba kama chakula cha njiani.

"Ukinyamaza kidogo utafika kabla ya giza," alisema. "Mke wangu anataka kuuona mdomo wenyewe."

Katika ukoo wote wa Apolonia hakuna mwanamke aliyewahi kuupanda mlima ule kwa miguu yake na kwa hiari yake. Apolonia alitazama juu, akatazama bondeni, akarekebisha kifurushi kichwani.

Alikaa huko siku nne. Aliposhuka alikuwa anavuta mbuzi ambaye hakuna mtu aliyempa.